Barua Zilipohamia Kwenye Kona ya Saa

Nadège, aliyechukua kiti changu, aliniomba remise-reprise mbili, yaani makabidhiano mawili ya kazi. Ya kwanza ni ile mnayoijua: funguo, mihuri, orodha ya mashine, neno la siri la kila kompyuta. Hiyo tuliitia saini mbele ya mkurugenzi, kurasa tatu, nakala nne. Ya pili aliniomba tukiwa wawili tu, ananisindikiza hadi mlangoni.

"Mama Vivi, uandike na ile yenye haiko mu dosie."

Basi ndiyo hii, isiyo kwenye faili. Sitasema nilipandishwa cheo mwaka gani wala nililipwa kiasi gani. Wenye kutaka kujua hayo wanajua tayari, tena kuliko mimi. Nitasema nilivyoanza, aliyenifundisha, na jinsi kitu kidogo sana pale chini kwenye ekrani ya kompyuta kilivyokaribia kumnyang'anya mzee mmoja kazi yake.

Siku yangu ya kwanza mvua ilinyesha Bunia nzima. Nilitoka mtaa wa Nyakasanza kwa mguu, na nilipofika ofisini viatu vyangu vilikuwa vizito kwa tope jekundu. Mkuu wa sekretariati, Papa Urbain, mzee mrefu wa Mahagi mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono, hakutazama diploma yangu. Alitazama miguu.

"Vua viatu hapo. Makaratasi haipendi matope."

Nilifanya kazi siku ile yote na soksi. Alinipa taipureta ambayo herufi "a" ilikuwa inakwama. Jaribuni kuandika barua ya Kiswahili, au hata ya Kifaransa, bila "a". Nilihangaika nusu saa, nikitoka jasho na huku miguu inapata baridi. Mwishowe akatoa pini ya nywele kwenye droo, akaikwamua ile herufi kwa kuichokonoa mara moja, akanipa ile pini. "Hii iko ya kazi," alisema. "Usiweke mu nywele." Sijui mzee asiye na nywele aliipata wapi pini ya nywele, na sikuwahi kuuliza.

Ofisi yetu ilikuwa ya kuratibu vituo vya afya. Boga, Bule, Bambu na vingine vingi vilituandikia, nasi tulituma dawa, chanjo, na gari pale lilipokuwepo. Wakati ule barua zilikuja na madereva, zimefungwa kwenye plastiki pamoja na samaki wakavu, na ukiifungua barua ya kituo fulani ulijua kwa harufu imepita kando ya ziwa. Papa Urbain alinifundisha kuzisoma. Alisema barua ya muuguzi husomwa mara mbili: mara ya kwanza kwa yale anayoomba, mara ya pili kwa yale anayoogopa kuomba. Muuguzi aliye peke yake kijijini hataki kuonekana ameshindwa. Akiandika "kama inawezekana", uangalie vizuri.

Meza yake haikuwa na kitu. Karatasi moja tu, ile anayoishughulikia. Akimaliza, inaingia kwenye kabati, nyingine inatoka. Chai yake aliinywa amesimama dirishani, kwa sababu kikombe si karatasi. Sisi wengine tuliokuwa na vilima vya makaratasi tulimcheka kidogo, lakini katika miaka yote tuliyokaa naye hakupoteza barua hata moja, na sisi tulipoteza.

Kisha kompyuta zikaja. Zilikuwa tatu, na wakaweka sahani kubwa ya setilaiti juu ya paa, ambapo kunguru walihamia siku ileile. Vituo navyo vilipata mashine na sahani zao, na barua zikaanza kuja kwa mtandao. Nilipelekwa mafunzo ya majuma mawili. Nilirudi naitwa mtaalamu, ingawa nilichojua ni kuwasha, kuzima, na kuogopa katikati. Dokta Célestin, mkurugenzi wetu, akaagiza nimfundishe Papa Urbain. Mnaona mambo yalivyogeuka: aliyenivua viatu sasa alikuwa anakaa kando yangu na daftari, anaandika kila ninachosema, na ananiita "mwalimu" bila kucheka.

Mwanzoni Papa Urbain alikuwa anaiinua puku hewani. Ndivyo tulivyoiita ile inayoshikwa mkononi, puku, yaani panya, kwa kuwa Wafaransa nao wanaiita hivyo. Alikuwa anainyanyua, anaielekeza kwenye ekrani kama mtu anayeonyesha njia, kisha ananiuliza kwa nini mshale hausogei. Juma la pili aliizoea. Juma la tatu alikuwa anaandika barua haraka kuliko mimi, kwa vidole vinne.

Jambo lililomsumbua lilikuwa ule mstari wa chini wa ekrani. Mnaujua: kila dirisha unalofungua linaweka kisanduku chake pale. Barua ya Boga, kisanduku. Jedwali la chanjo, kisanduku. Hotuba ya mkurugenzi, kisanduku. Ukifungua mengi vinabanana mpaka jina la kila kimoja linabaki herufi mbili na nukta. Kwa mzee wa karatasi moja mezani, ule mstari ulikuwa kama kuishi karibu na soko. Aliutazama hata alipokuwa hana haja nao.

"Mwalimu, haya makashi, haya masanduku ya chini, inatoka namna gani?"

"Papa, ukimaliza na dirisha, ufunge. Ile musalaba mwekundu kule juu."

"Musalaba?"

"Ndiyo, Papa."

"Kumaliza kazi na musalaba." Aliandika kwenye daftari. "Hiyo iko muzuri sana."

Tangu hapo alifunga kila kitu. Na mimi, mtaalamu wa majuma mawili, sikumwambia neno moja lililokuwa la maana kuliko yote: kwamba programu ya barua haifanani na nyingine. Hiyo hupokea barua ikiwa imefunguliwa tu. Ukiifunga kwa msalaba, huko nje barua zinaendelea kufika, zinapanga foleni, na hapa kwako ni kimya. Yeye alikuwa anaifungua asubuhi, anasoma, anajibu, anaifunga. Halafu saa nane anaifungua tena. Alidhani ni kama boksi la posta, na mimi nilimwona akifanya hivyo miezi kadhaa, nikasema moyoni, mzee ana utaratibu.

Asubuhi moja gari letu lilikuwa linaondoka kwenda Boga na masanduku mawili ya chanjo kwenye barafu. Papa Urbain alisoma barua zake kama kawaida, akafunga. Hata chai yake haijapoa, Boga waliandika kwamba daraja limechukuliwa na maji, gari lisije. Dereva wetu, Shofa Mateso, aliondoka saa tatu. Barua ilisomwa saa nane. Wakati huo Mateso alikuwa mbele ya mto usio na daraja, hana mtandao wa simu, na lori la mihogo limemziba nyuma. Alikwama siku mbili. Barafu iliyeyuka, chanjo zote zikatupwa, na akina mama wa Boga waliokuwa wameitwa na watoto wao mgongoni wakarudi nyumbani bure.

Dokta Célestin hakuwa mtu wa kelele. Alituita sote, akauliza barua ilifika saa ngapi na ilisomwa saa ngapi.

"Miye nilifunga, Dokta," alisema Papa Urbain. "Meza ilikuwa inajaa."

Watu wawili walicheka, kwa sababu mezani kwake hapakuwa na kitu. Mimi sikucheka. Nilingoja aseme ni nani aliyemfundisha kufunga. Hakusema. Alikuwa na lile daftari mkononi, maneno yangu yameandikwa humo kwa mwandiko wake wa kimisioni, na hakulifungua.

Mkurugenzi akasema polepole kwamba labda barua zihamie ofisi ya duka la dawa, kwa kijana mwenye macho mepesi, na Papa Urbain abaki na mihuri. Hakukusudia kumuumiza. Lakini mkuu wa sekretariati asiyepokea barua ni nini? Mzee aliitika "Ndiyo, Dokta," akarudi kwenye kiti chake, akaanza kusafisha muhuri kwa spiriti. Aliusafisha mpaka wakati wa kwenda nyumbani.

Nilinyamaza siku mbili. Naandika hili kwa sababu Nadège aliomba yale yasiyo kwenye dosie: siku mbili nilimwacha mzee abebe kosa langu, na nilikula vizuri siku zote mbili. Siku ya tatu niliacha sahani mezani. Nikaenda kwa Dokta.

"Dokta, ni miye nilimufundisha kufunga. Ako na daftari, iko mule na tarehe. Sikumuambia kama ile ya barua haifungwe."

Alivua miwani. "Na yeye ako anajua kama ni weye?"

"Anajua."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Sasa unataka nini, Mama Vivi?"

"Unipe juma moja. Nitatafuta namna barua ibaki wazi na ule mustari wa chini usijae. Kama nikikosa, utapeleka barua kule unapenda."

"Juma moja," alisema. "Kisha nitaamua."

Ninyi vijana mngeuliza simu dakika moja, mngejibiwa. Sisi tulikuwa na mtandao uliokwenda pole kama ng'ombe aliyeshiba, na kitabu cha maelezo cha lugha nne ambacho katika zote nne hakikueleweka. Siku ya kwanza niliuvuta ule mstari uwe mpana, safu mbili. Visanduku vikapata nafasi, lakini mstari ukafunika chini ya jedwali, na Papa Urbain akaniuliza jumla za chanjo zimekwenda wapi. Siku ya pili niliufanya ujifiche wenyewe: haupo mpaka puku ikaribie, ndipo unaruka juu. Hilo lilikuwa baya zaidi. Kila mara mzee aliposhuka chini kwenye sahihi ya barua, mstari uliruka, naye alirudisha mkono nyuma kama mtu aliyeguswa na kitu majanini.

"Mwalimu, ondoa hii kitu. Iko inanishtusha."

Siku ya tatu umeme ulikosekana na jenereta lilikuwa na homa yake. Siku ya nne, asubuhi, niliona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama mwaka mzima bila kukiona. Kule kulia kabisa, pale saa inapoandikwa, kuna alama ndogondogo: sauti, mtandao, na kibahasha kidogo cha ile programu ya barua. Nilikuwa nadhani ni pambo. Nikabonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha puku, ule upande ambao kwenye mafunzo walituonya tusiuguse ovyo. Orodha ndogo ikafunguka. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa, unasema kwamba dirisha likishushwa lifichwe. Nikautia alama. Kisha nikaenda juu kwenye dirisha la barua, nikabonyeza, si msalaba, ila kile kistari kilicho mbali nao kidogo.

Dirisha likashuka. Kisanduku chake kikatoweka kwenye mstari wa chini. Lakini kibahasha kando ya saa kilibaki.

Nilikimbilia mashine ya Dokta nikaiandikia sekretariati barua, maneno mawili: "Uko wapi?" Nikarudi mbio. Tulisubiri, mimi na Papa Urbain, tumeinama mbele ya ile kona kama watu wanaongoja yai lipasuke. Baada ya dakika chache, mlio mdogo, na kile kibahasha kikabadilika rangi.

"Iko hapa," alisema mzee kwa sauti ya chini. Aliutazama ule mstari wa chini, mtupu. Akaitazama ile kona. Akautazama tena mstari. Halafu akanishika bega. "Vivi. Hii ni kabati."

Saa ileile nikagundua kwamba nimetibu ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Alipotaka kuandika barua, alitafuta dirisha chini, hakuliona, akaenda kufungua programu upya. Likaja. Akalishusha. Akafungua tena. Ikawa tunazungumza juu ya tabia mpya: huendi kuifungua, unabonyeza bahasha mara mbili. Aliandika katika daftari lake, na hapa ninamnukuu, kwa sababu tangu hapo nimewafundisha watu wengi na sijapata maneno bora: "Kistari kinaweka kabatini. Musalaba unaua. Barua haiuawi."

Kesho yake ilikuwa siku ya tano ya juma langu. Wageni wawili walikuwa wanatua kutoka mji mkuu, wakubwa wa kukagua miradi. Ua ulikuwa umefagiwa tangu alfajiri. Dokta Célestin alivaa suti ya kijivu ambayo tuliiona kwenye arusi tu. Shofa Mateso alikuwa ameosha gari na sasa alikuwa ndani yake, injini inaunguruma, anangoja saa ya kwenda uwanja wa ndege. Papa Urbain alikuwa anamalizia hotuba ya makaribisho. Mstari wake wa chini ulikuwa na kisanduku kimoja tu, hotuba, na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu mambo ya Boga.

Mlio ukalia. Akaangalia kona, akabonyeza mara mbili, akasoma. Kisha akasoma tena, midomo inacheza.

Ilikuwa kutoka Bule. Muuguzi aliandika kwamba anaomba gari kama linapatikana. Kwamba mama mmoja amejifungua asubuhi na damu inaendelea kutoka kidogokidogo. Kwamba mtandao wa simu umekatika tangu jana. Kwamba wanaendelea kumhudumia, na anasalimia ofisi nzima.

"Anasalimia ofisi nzima," alisema Papa Urbain. Alisimama. "Vivi, huyu anaogopa. Mujibu sasa hivi. Muambie gari inakuja."

"Papa, gari inaenda kwa wageni!"

Lakini alikuwa hayupo tena. Mzee ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hatua hata mvua ikinyesha alikuwa anashuka ngazi mbili mbili. Nilichungulia dirishani. Gari lilikuwa tayari linasogea kwenye geti. Alilipita kando, akajitupa mbele yake, mikono imetanuka, miwani ya kusomea bado puani. Mateso alikanyaga breki mpaka vumbi la ule ua uliofagiwa likapanda lote.

"Papa Urbain! Wageni beko banangoja!"

"Wageni wako na miguu, na pikipiki za taksi-moto iko. Ule mama wa Bule hana kitu. Geuza gari!"

"Dokta atanifukuza!"

"Atatufukuza wawili. Geuza!"

Nilikuwa nimekwisha kuandika jibu: "Gari inakuja. Mungoje." Nikapiga simu hospitali nikaomba damu na barafu. Niliposhuka, Dokta Célestin alikuwa amesimama uani na suti yake, ile barua mkononi. Papa Urbain alikuwa ameichapisha kabla ya kukimbia, sijui kwa mkono wa tatu upi. Dokta aliisoma. Akamtazama mzee anayehema. Hakuuliza barua ilifika saa ngapi.

"Tupite hospitali, tuchukue damu," alimwambia Mateso, akaingia mbele mwenyewe, na suti yote.

Wageni walifika juu ya taksi-moto mbili, masanduku yamepakatwa mapajani, nyusi nyekundu kwa vumbi. Papa Urbain aliwapokea getini, akawasomea hotuba yote ya makaribisho ya mkurugenzi asiyekuwepo, na ilipofika mahali pa kusema "mimi mkurugenzi wenu", aliisema bila kutikisika. Mmoja alikuwa amenuna. Mwingine, mama mnene mwenye kicheko, alisema amekagua miradi mingi ila hii ndiyo ya kwanza kuikuta ikiwa kazini.

Tulikaa. Hakuna aliyekwenda nyumbani mchana. Papa Urbain hakufungua hotuba wala jedwali. Aliweka puku kando, akaitazama ile kona. Mara mbili mlio ulilia, na mara zote mbili ilikuwa tangazo la semina. Nilimsikia akimwambia mtu wa semina neno la Kialur, lugha ya kwao Mahagi, ambalo sikulitafuta tafsiri yake.

Jua lilikuwa linaegemea paa la duka la mbele bahasha ilipobadilika rangi tena. Ilikuwa Dokta, ameandika kwa mashine ya Bule, mstari mmoja: "Damu imesimama. Mama anakunywa chai. Mtoto ni binti, na ana sauti kubwa."

Papa Urbain aliisoma mara mbili, kama barua zote. Kisha akaishusha kwa kistari, polepole, akavua miwani, akaenda dirishani akakaa huko ametugeuzia mgongo kwa muda.

Dokta alirudi kesho yake. Ile suti haikuonekana tena kwenye arusi yoyote. Alipita moja kwa moja hadi sekretariati, akavuta kiti, akaomba aonyeshwe kile kitu cha kona. Papa Urbain alimwonyesha, na daftari mkononi. Mashine ya mkurugenzi ilikuwa na visanduku vingi mpaka vimebaki mistari mistari, hivyo alisikiliza vizuri sana. Mwishoni akasimama.

"Papa Urbain, barua zibaki kwako."

"Ndiyo, Dokta."

"Na hotuba yangu, nasikia niliisoma vizuri."

"Ulisoma muzuri sana, Dokta. Watu walipiga mikono."

Baada ya majuma machache mume wa yule mama alikuja kutoka Bule na jibini, duara zima, limefungwa kwa jani la mgomba, akiuliza "ule mutu wa barua". Papa Urbain aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya meza yake tupu, akaondoa karatasi iliyokuwepo. Tulikula siku ile. Nilimwambia huyo baba kwamba mtoto wake alifika Bunia kwa barua kabla ya kujulikana jina. Akasema ameshapata jina, ni Urbaine, na mzee akapaliwa na jibini.

Alistaafu miaka kadhaa baadaye, akarudi Mahagi, na alipopata simu yenye barua alianza kuniandikia kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Mimi nilibaki na kiti chake. Katika miaka hiyo niliwafundisha wengi wenu ile kona, na kuna mambo ambayo ninaona bado mnakosea, basi niyaseme.

Mashine mpya zina ujanja wa kuficha zile alama nyuma ya kimshale. Usipoona bahasha yako, bonyeza hicho kimshale, ishike, iburute hadi kando ya saa, iache hapo. Bahasha usiyoiona ni sawa na barua iliyofungwa. Pili, programu nyingine zikizimwa kwa msalaba hujificha zenyewe badala ya kufa, na nyingine hufa; ijaribu ya kwako siku ambayo hungoji chochote. Tatu, msihamishe soko. Mtunza dawa mmoja, ambaye hatajwi na ambaye anajijua, aliipenda ile kona hata akaficha vitu kumi na moja humo: muziki, matokeo ya mpira, hali ya hewa ya mji asiowahi kufika. Mstari wake wa chini uling'aa. Kona yake ilikuwa Bunia siku ya Jumamosi. Barua ya kituo ilipofika, mlio ulichanganyika na goli. Kona ile iwe na kitu kimoja unachokingoja kweli. Vingine vyote ama uvifungue ufanye kazi navyo, ama uvifunge.

Siku yangu ya mwisho mliniletea keki na soda, na Dokta mpya alisema maneno mengi mazuri, baadhi yakiwa kweli. Kulikuwa na wimbo. Mtu alikuwa anapiga picha. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, kwa kuwa kile kingine tayari kilikuwa cha Nadège, na nilikuwa nasema neno langu la shukrani, nimefika kwenye kuwashukuru madereva.

Mlio ukalia.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulifika katikati ya njia, kuelekea puku isiyo yangu tena, na hapo nikaurudisha mapajani, nikaushika kwa mwingine. Nadège alikuwa amekwisha kugeuka. Alibonyeza mara mbili, akainama. Bambu waliandika kwamba friji ya chanjo imeanza kupata joto na wangependa, kama inawezekana, kupata barafu.

Aliisoma. Nilimwona macho yake yakirudi juu, akaisoma tena.

"Shofa!" aliita, amekwisha simama, sahani ya keki bado mkononi. "Shofa, ile barafu iko ngapi?"

Mpiga picha alitoka kumtafuta dereva. Dokta alitoka kutafuta funguo za chumba cha baridi. Yule aliyeongoza wimbo alikwenda kubeba masanduku. Katika dakika moja chumba kilikuwa kitupu, na hotuba yangu ilikuwa imeishia kwa madereva. Nilimaliza soda yangu, nikachukua mkoba, nikateremka. Uani walikuwa wanapakia, wanapigiana kelele za barafu, na hakuna aliyeniona nikipita. Nilifungua geti lote, pande mbili, ili gari litoke vizuri, kisha nikaenda nyumbani.